Wimbo huu umepangwa na nani?

Siku hizi kwaya ya kigangoni inaweza kuingia studio asubuhi ikiwa na kinanda kimoja tu, na kufika adhuhuri wimbo wake una fidla, tarumbeta na ngoma kubwa za okestra ambazo hakuna binadamu aliyezipiga. Programu za akili mnemba kama Suno zimeifanya kazi hiyo kuwa ya dakika chache. Hapa Tabora nimezisikia nyimbo za namna hiyo kwenye harusi, kwenye bajaji na kwenye makundi ya WhatsApp ya wanakwaya, na wenzetu wa Kigoma wanatutumia za kwao. Mjadala umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unashangilia kwamba sasa hatuna haja ya kumlipa mtu wa kupanga muziki. Wa pili unalia kwamba mpangaji amekwisha. Naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye kisiki kimoja, yaani kudhani kwamba kupanga muziki ni kuongeza ala. Kupanga muziki ni kuamua: nani aimbe nini, kwa kimo gani, lini anyamaze, na neno gani lisikike kuliko mengine. Uamuzi huo programu haijauchukua. Kinachoiua kazi ya mpangaji huku kwetu ni mazoea ya kutoitaja, kutoiandika na kutoilipa, na mazoea hayo tulikuwa nayo kabla kompyuta hazijafika Tabora.

Hata neno lenyewe linatupa shida. Ukimwambia mtu wa Ng'ambo au Cheyo kwamba fulani ni mpangaji, atauliza amepanga nyumba ya nani. Mtunzi tunamjua, ndiye mwenye maneno na sauti ya wimbo. Prodyuza tunamjua, ndiye anayekaa kwenye kompyuta, anarekodi, anafanya miksi na kukabidhi kazi iliyokamilika. Kati yao yupo mtu anayepokea wimbo wa sauti moja na kuugawa kwa sauti ya kwanza, ya pili, tenor na besi. Anayeamua utangulizi uwe wa mipigo minane au minne. Anayeamua beti ya tatu iimbwe bila kinanda ili maneno yapenye. Anayejua kwamba tarumbeta ikilia pale wanaume wanapoingia, wanaume hawatasikika. Kwenye kwaya zetu kazi hiyo hufanywa na mwalimu wa kwaya usiku, kwa penseli, kwenye daftari la shule. Kwenye bendi ilifanywa na mpiga solo akishirikiana na mpuliza saksafoni, jukwaani, bila kuandika chochote. Kwa kuwa haikuwa na mtu mmoja wala karatasi, tulizoea kuiona kana kwamba inatokea yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika lugha yetu wenyewe. Watu wengi wamesambaziana video ya wimbo wa Baba Yetu, Sala ya Bwana iliyoimbwa kwa Kiswahili na kwaya kubwa pamoja na okestra, wakiandika kwa fahari kwamba Kiswahili kimeshinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Fahari hiyo ni halali, lakini tuangalie kilichoshinda ni nini. Muziki ni wa Christopher Tin, Mmarekani aliyesoma Stanford na baadaye Royal College of Music, London. Maneno yaliwekwa sawa na Mkenya Chris Kiagiri. Wimbo ulitengenezwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV uliotoka 2005, na ukaimbwa na wanafunzi wa Stanford. Miaka michache baadaye Tin aliurudia kwa okestra ya Royal Philharmonic na waimbaji wa Soweto Gospel Choir, akauweka mwanzoni mwa albamu yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Februari 2011 ulipata Grammy, ukawa wa kwanza kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta kufika hapo. Fungu lenyewe lilikuwa la mpangilio bora wa ala unaosindikiza mwimbaji, na tuzo ya fungu hilo hukabidhiwa mpangaji. Usiku huohuo albamu nzima ikapata tuzo ya muziki wa klasiki uliochanganywa na mitindo mingine. Yaani duniani kulikuwa na watu waliosikiliza sala ambayo sisi tunaisali kila siku, wakasema kilichowashika ni namna ilivyopangwa, na kazi hiyo ina jina na ina mwenyewe. Sisi wenye lugha tulisikia Kiswahili tu, kazi ya mpangaji ikatupita.

Wala tusidhani kwamba huko nje mpangaji alizaliwa akiheshimiwa. George Martin alisoma muziki katika Guildhall ya London na kupiga obo, ala ya kupuliza, kabla hajawa prodyuza wa bendi ya Beatles. Mwaka 1965 Paul McCartney alikuja na wimbo wa Yesterday, naye hajui kuandika nota. Martin akashauri fidla mbili, viola na chelo, wakakaa pamoja kuupanga, Martin akaziandika. Ukisikia wimbo ule leo, nusu ya huzuni yake imo katika zile nyuzi. Lakini wakati akiyafanya hayo, Martin alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya rekodi ya EMI anayelipwa mshahara tu, huku rekodi zikiuzwa kwa mamilioni. Mwaka huohuo aliondoka na wenzake, wakaanzisha kampuni yao. Lalo Schifrin naye, mtunzi na mpangaji aliyekuwa mtoto wa mpiga fidla wa Buenos Aires, alisoma konservatori ya Paris mchana na usiku akapiga jazi kwenye klabu. Mwaka 1990 waimbaji watatu wakubwa wa opera, Pavarotti, Domingo na Carreras, waliposimama pamoja Roma, yeye ndiye aliyewaunganishia nyimbo za nchi mbalimbali ziwe mfululizo mmoja. Hiyo ndiyo njia ya watu wa kazi hii, mguu mmoja darasani na mwingine ukumbini. Naiona njia hiyohiyo kwa vijana wa hapa wanaopiga kinanda Misa ya kwanza Jumapili baada ya kukesha ukumbini kwenye sherehe ya Jumamosi. Tofauti ni kwamba Schifrin alijulikana kwa jina la kazi yake.

Tabora haikuanza jana. Reli ya kati ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na pamoja na mizigo ilileta watu wa Kongo, Burundi na pwani, kila mmoja na mdundo wake. Mji huu ulitoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi ambazo santuri na kanda zao wazee bado wanazihifadhi. Shem Karenga alitoka Kigoma akang'ara na Tabora Jazz, na wimbo wake wa Dada Asha bado unainua watu vitini. Sikiliza nyimbo za wakati ule kwa makini: magitaa mawili hayagongani, moja linashika chini na jingine linajibu juu, saksafoni inasubiri mwimbaji amalize mstari ndipo iingie, na pale wimbo unapochangamka, besi inabadilisha mwendo kabla ngoma hazijabadilika. Huo ni mpangilio wa watu waliofikiri. Redioni tulizoea kutajiwa mtunzi na waimbaji, basi. Yale maarifa yaliyofanya bendi ya Tabora isifanane na ya Morogoro au Dar es Salaam hayakupata jina la mwenyewe, na waliokuwa nayo wengi wameshatangulia mbele za haki.

Makanisani hali ilikuwa nzuri zaidi kwa jambo moja, nalo ni maandishi. Wamisionari walikuja na tonic sol-fa, yaani nota za herufi, na leo mama asiyesoma nota za mistari mitano anakusomea d r m f s bila kukwama. Kwa herufi hizo kwaya ya Urambo inaweza kuimba wimbo uliopangwa Songea bila mtu kusafiri. Wamoravian, walioingia Unyamwezi mwishoni mwa karne ya 19, ni kanisa lenye utamaduni mkongwe wa kupiga tarumbeta kwa pamoja. Padri Stephen Mbunga alichapa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Leo tovuti ya Swahili Music Notes ina maelfu ya nyimbo za kwaya zilizoandikwa, na wanakwaya wanazichapisha bure. Huo ni utajiri ambao Bongo Fleva haina. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika na kutoa wimbo wa Leka Dutigite; majina ya waimbaji watoto waliyakariri, ila ukitaka kujua nani aligawa zamu ili sauti nyingi kiasi kile zikae ndani ya wimbo mmoja bila kubanana, utahangaika.

Sasa nizipime hoja. Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa programu ni ya fedha, na naikubali bila kusitasita. Kwaya ya Kaliua au Kasulu haitapata kamwe fidla ishirini. Hata ikizitaka, wapigaji hawapo, na kuwaleta kutoka Dar es Salaam au Bagamoyo ni gharama ya kujenga nusu ya kigango. Kwa miaka mingi kwaya kama hizo zililazimika kupokea mdundo uleule uliomo kwenye kinanda cha studio, ule ambao umeshatumika kwenye albamu za kwaya nyingine kumi. Programu ikiwapa sauti pana zaidi, ni haki yao. Asiwepo mtu wa mjini wa kuwaambia wabaki na umaskini wa sauti ili mafundi wachache walinde ugali wao. Isitoshe, programu ni nzuri kwa rasimu: mwalimu anaweza kusikia wazo lake kabla ya kuliandika, kitu ambacho zamani alikisikia kichwani tu mpaka siku ya mazoezi.

Kuna hoja nyingine, ya wale wanaopinga kwa jina la asili. Wanasema fidla na okestra ni vya Wazungu, kwaya ya Kinyamwezi ibaki na manyanga na kayamba. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, japo inasemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Sauti nne zenyewe zilikuja kwa meli. Kinanda kilikuja kwa meli, na gitaa la Tabora Jazz pia. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, na taarabu ya Unguja imekuwa ikipigwa kwa fidla, udi na kanuni kwa vizazi kadhaa. Hakuna Mswahili anayeiita ngeni. Ala inakuwa yetu pale inapopangwa ifuate maneno yetu na mwendo wetu. Anayeitetea asili kwa kuikataa fidla ameacha swali la maana, kwa sababu hata kayamba ikiwekwa mahali pabaya inaweza kuua wimbo wa Kinyamwezi.

Maneno yetu ndipo penyewe. Kwa kawaida Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno barabara: ukikaza ba ya pili ni njia ya magari, ukikaza ra ya kwanza ni sawasawa. Mpangaji akiweka pigo zito mahali pasipostahili, wimbo unasema jambo lingine, au hausemi kitu. Kiha na Kinyamwezi vina kazi ngumu zaidi, maana ni lugha za toni. Sauti ya wimbo ikipanda pale neno linaposhuka, mzee wa Kibondo anakuuliza umesema nini. Nimesikiliza nyimbo kadhaa zilizotengenezwa na programu kwa Kiswahili, na kila mara nakuta silabi ya mwisho imevutwa na kukazwa kama ya lugha nyingine. Okestra inapendeza, maneno yamepinda. Mtu anayesali kwa wimbo huo anajua kuna kitu kimekaa vibaya hata kama hawezi kukitaja.

Niliimba tenor kwenye kwaya ya parokia hapa Tabora kwa miaka mingi, na kisa kimoja kinanitosha. Tulikuwa na wimbo ulioandikwa Do ikiwa F, sauti ya kwanza ikifika do ya juu. Studioni tukaambiwa ala zilizoandaliwa ziko kwenye A, tuimbe hapohapo, zinapendeza zaidi. Hesabu ni nyepesi: kina mama waliokuwa wakifika F ya juu walitakiwa sasa wafike A, na wao si waimbaji wa kulipwa, ni wauguzi, wakulima wa tumbaku na walimu. Kufikia jaribio la sita mama mmoja aliweka daftari chini akasema, "Mwalimu, sauti yangu imeisha." Kwenye rekodi ile sauti hiyo iliyochoka inasikika mpaka leo. Ala zilikuwa nzuri, na hazikuwa za akili mnemba. Zilipangwa na mtu ambaye hakuwahi kutusikia tukiimba. Programu ya sasa inarudia kosa hilohilo kwa kasi zaidi na kwa fidla nyingi zaidi. Aliyewahi kukaa na kwaya anajua kwamba sauti ya pili ya kwaya hii ni nzito na ya tatu ina watu wanne tu, hivyo fidla zikae juu ya waimbaji au zinyamaze, na chelo isikanyage besi.

Ipo hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayonigusa zaidi kwa kuwa inatoka kwa watu wema: kwaya ni utume, na utume haulipwi. Ninaiheshimu. Mimi mwenyewe sikuwahi kulipwa, wala sikutaka. Lakini tazama bajeti ya kwaya inapotoa albamu. Studio inalipwa. Mpiga picha wa video analipwa, fundi wa sare analipwa, mwenye Coaster ya kwenda kupigia video ziwani Kigoma anadai na mafuta ya kurudi. Mtu mmoja tu ndiye anaambiwa atapata thawabu mbinguni, naye ndiye aliyekesha wiki tatu akigawa sauti. Kama utume ndio kipimo, basi kipimo hicho kiwapime wote kwa rula moja. Kama kuna wanaolipwa kwa sababu kazi yao ina ufundi na inachukua muda, mpangaji ana vyote viwili. Na iwapo parokia haina kitu kabisa, jambo ambalo ni kweli mahali pengi, kuandika jina lake hakugharimu shilingi.

Jina hilo lina uzito wa kisheria ambao wengi hawaujui. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo unasema wazi kwamba mpangilio wa muziki unalindwa kama kazi yenye hadhi yake, bila kuondoa haki za mtunzi wa wimbo wa asili. Tuna pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ya kusajili kazi. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliyepanga wimbo wa zamani kwa ruhusa ya mtunzi ana mali mkononi. Sheria hiyo inambana pia: haruhusiwi kuchukua wimbo wa mtunzi aliye hai, kuubadilisha na kuutoa bila kumuuliza, tabia iliyoenea mno makanisani kwa kisingizio kwamba wimbo ni wa Mungu. Na hapa ndipo wanaoshangilia programu wanapaswa kutulia kidogo. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki za Marekani ziliwashtaki wamiliki wa Suno na Udio, zikidai programu hizo zilifundishwa kwa rekodi zao bila idhini. Januari 2025 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza kwamba kazi iliyotoka kwenye mashine kwa kupewa maelekezo tu, bila ubunifu wa kutosha wa binadamu, haipati hakimiliki. Ile ni sheria ya kwao, lakini YouTube na majukwaa ambako nyimbo zetu zinapandishwa ni ya kwao pia. Kwaya inayokabidhi mpangilio wake wote kwa programu inaweza kujikuta haina cha kudai siku wimbo wake utakapochukuliwa na mwingine.

Kwa kijana wa Tabora au Kigoma anayefikiria kuishi kwa kazi hii, naona njia yake inabadilika kuliko kufungwa. Yule aliyekuwa akiuza mdundo wa kinanda hana tena cha kuuza, na hilo halitarudi. Anayeweza kusikiliza kwaya jioni moja, akajua kimo chake, akaandika sauti nne kwa sol-fa na kwa mistari mitano, akapanga ala zinazozipisha sauti hizo, kisha akasimama studioni na kumwambia prodyuza "shusha hapa, nyamazisha hapa", huyo anahitajika zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita, kwa sababu kila kwaya ina okestra mfukoni na karibu hakuna anayejua kuiongoza. Lakini hataishi kwa kuhitajika tu. Atahitaji makubaliano ya maandishi kabla ya kazi, hata kama ni ukurasa mmoja uliosainiwa na mwenyekiti wa kwaya: malipo ni kiasi gani, ni ya mara moja au ana fungu kwenye mapato, na jina lake litakaa wapi. Seminari na vyuo vya ualimu vinavyofundisha uimbaji vingefanya jambo kubwa kama vingefundisha na ukurasa huo.

Kwaya yangu ya zamani inajiandaa kurekodi tena. Kwenye mkutano uliopita walibishana karibu saa mbili kuhusu ala za programu, wazee upande huu na vijana upande ule. Mwishoni katibu aliuliza nani alipanga sauti za nyimbo nane zilizoko kwenye orodha. Tano zilijulikana. Kwa zile tatu wamempigia simu mwalimu mstaafu, ambaye sasa analima Sikonge, na amekubali kuja Jumamosi na madaftari yake.